Mjomba wa Maskati, duka la Kariakoo au Japani: kamera niinunue wapi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Lindi mjini, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni kupiga picha. Nilianza na picha za paspoti na mahafali ya shule, sasa napata harusi, sendofu na sherehe za kumtoa mwali, hasa korosho zikishauzwa na watu wakiwa na hela mkononi. Natumia Canon 700D niliyouziwa na mtu aliyeacha kazi hii, pamoja na lenzi yake ya 18-55, lenzi ya 50mm na flashi moja. Mchana hainisumbui. Usiku ukumbini ndipo inaponiaibisha: picha zinajaa chengachenga, bibi harusi anaonekana kama amepigwa kwa simu ya zamani. Wateja wa maana nawaona wanakwenda kwa wengine.

Mwenzangu mmoja wa Mtwara ana Sony a7 III. Ameniazima mara kadhaa na mkono wangu umeshaizoea. Ndiyo ninayoitaka. Nimejikusanya, akiba yangu na mkopo wa kikoba, jumla nina 5,200,000. Mkopo unaanza kurejeshwa mwezi ujao, na kikoba chetu hakina huruma na anayechelewesha.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni duka moja la Kariakoo. Wanasema mpya, boksi zima, pamoja na lenzi ya 28-70, ni 5,000,000. Ya pili ni mjomba wangu. Yuko Maskati miaka mingi na anakuja nyumbani kabla ya Ramadhani. Ameulizia madukani kule, anasema kwa hela yetu ni kama 4,100,000, nimtumie fedha naye ataileta mkononi. Sikumuuliza kama ni pamoja na lenzi. Ya tatu nimeiona mtandaoni, inauzwa Japani, imetumika ila picha zake zinaonyesha ni safi kabisa: bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, 2,500,000 pamoja na gharama ya kuituma.

Sasa Mama, nimebanwa katikati. Mjomba ndiye aliyenisomesha. Mama yangu anasema nikimkatalia nitakuwa nimemvunjia heshima, na kwetu neno la mjomba halirudishwi. Mume wangu anasema hela ya kikoba isivuke bahari. Nami hiyo ya Japani inanivuta kwa bei, ila kuna kijana wa Masasi alinunua Sony kutoka hukohuko, ikaja na menyu ya Kijapani tupu. Anaitumia kwa kukariri vitufe.

Nielekeze. Niinunue wapi? Nikiacha ya mjomba nimwambieje asiumie? Na hii Canon niiuze ili niongezee?

Mpiga picha, Lindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nakujibu kwanza, sababu zifuate. Bodi ya kamera nunua hapa nchini. Lenzi mwachie mjomba akuletee. Ya Japani achana nayo. Nimekaa kwenye studio ya picha tangu enzi za filamu, na vijana wengi wa Mtwara na Lindi wamepita mbele yangu na swali hilihili. Kila mmoja huja na bei tatu kwenye karatasi, na karibu wote wanalinganisha vitu visivyolingana.

Wewe pia. Ya Kariakoo ni kamera mpya na lenzi. Ya Maskati hujui kama ina lenzi, na nina wasiwasi haina, maana mtu akiulizwa bei ya a7 III dukani kwa kawaida hutaja bodi. Ya Japani ni bodi kuukuu. Kabla hujatuma hata shilingi, mpigie mjomba umuulize: ni bodi tu au na lenzi? Ni mpya au ilikuwa ya maonyesho? Kwenye kadi ya waranti pameandikwa nchi gani?

Tuchukue kwamba jibu ni zuri, ni mpya na ina kila kitu. Bado hujafika kwenye forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa msafiri mkazi anayerudi, aliyekaa nje zaidi ya saa 24, msamaha wa vitu vya thamani ya hadi dola 500 za Marekani kwenye mizigo yake. Msamaha huo ni wa vitu vya msafiri mwenyewe na nyumba yake. Kamera yako inapita kiwango hicho mara mbili na zaidi, tena ni chombo cha biashara ya mtu mwingine. Ikitangazwa kama inavyotakiwa, inalipiwa. VAT yetu ni 18%, nayo haihesabiwi kwenye bei ya dukani peke yake. Wanachukua thamani ya kitu, wanaongeza usafirishaji na bima, wanaongeza ushuru wa forodha kama upo, ndipo 18% inapigwa juu ya jumla hiyo yote. Chukua 4,100,000 zako bila kuongeza kitu chochote: VAT peke yake ni 738,000. Ile nafuu ya 900,000 uliyoiona kati ya Maskati na Kariakoo imebaki 162,000, na hapo ushuru wenyewe sijaugusa.

Najua utaambiwa nini. Aivae shingoni, apite nayo kama mtalii. Mwanangu, mjomba wako ni mtu mzima aliyekusomesha. Akisimamishwa pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, akafunguliwa begi mbele ya watu na kuulizwa kwa nini hakutangaza, fedheha ni yake na kamera inaweza kubaki mikononi mwa forodha. Mimi nisingemtuma mzee wangu jambo hilo kwa ajili ya laki moja na sitini.

Lakini kodi si sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni siku itakapoharibika.

Kamera ya kazi huharibika. Shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, hukwama, mlango wa memori kadi hugoma kusoma, gurudumu la mbele linazunguka bila kubadilisha kitu. Waranti ya kamera kwa kawaida hufungwa kwenye nchi au ukanda iliponunuliwa. Ndiyo maana nimekwambia umuulize mjomba kilichoandikwa kwenye kadi. Kamera ya Maskati ikigoma Lindi, utatafuta anayesafiri kwenda Dar, kisha anayesafiri kwenda Maskati, umpe kamera yako na risiti, mjomba aipeleke dukani, wao waipeleke kwa mafundi wao. Kisha msubiri msafiri wa kurudi. Mjomba mwenyewe anakuja likizo tu. Katika muda huo wote kikoba kinakutana na jina lako linaitwa.

Na angalia kalenda yako. Sisi wa huku kazi haijasambaa mwaka mzima. Kuna mahafali ya Septemba na Oktoba. Kuna miezi ya korosho, minada ikishaanza na malipo yakaingia. Kuna zile wiki za Shaaban ambapo kila mwenye binti anataka kuozesha kabla mfungo haujaingia, halafu Ramadhani kimya, halafu Idi kazi zinarudi. Kamera ikikaa kwa fundi wiki tatu katika miezi mikavu, umepoteza kidogo. Ikikaa wiki tatu za Shaaban, umepoteza msimu, na wateja uliowarudishia malipo ya awali hawatakuita tena. Mjomba anakuja kabla ya Ramadhani, maana yake kamera ingekufikia wakati kazi zinakaribia kwisha, na marejesho ya kikoba ungekuwa umeshaanza kuyalipa kutoka mfukoni.

Kariakoo nayo si jirani, nakubali. Ni basi la alfajiri na unafika umechoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, hata Dar ilikuwa mbali na sisi. Lakini duka la Kariakoo unaweza kulirudia mwenyewe, ukasimama mbele ya aliyekuuzia na risiti mkononi. Na fundi wako wa kwanza ni yule mwenzio wa Mtwara mwenye a7 III. Betri zenu ni zilezile, lenzi zenu zinaingiliana, yeye akiumwa unamshikia kazi, yako ikigoma anakuazima. Kwa sababu hiyo nakuunga mkono kwenye Sony, ingawa lenzi zako za Canon hazitaingia huko bila adapta. Ungekuwa unataka chapa ambayo hakuna mwingine anayeitumia kati ya Kilwa na Mtwara, ningekuzuia.

Ya Japani nisiirefushe. Kijana wa Masasi hakudanganywa. Kamera nyingi za Sony zinazotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mahali kwenye mipangilio pa kubadilisha. Akitokea mtu wa kukwambia ataifungua kwa programu yake, usimpe. Zaidi ya hapo, hiyo ni kamera iliyotumika ambayo hukuishika, muuzaji humwoni, na ikifika Dar itakutana na VAT ileile. Kwenye 2,500,000 ni 450,000 kabla ya ushuru na kabla ya mtu wa kukutolea mzigo. Ina kasoro? Kuirudisha Japani utalipa wewe. Umeme wala si tatizo, kama kuna mtu aliyekutisha kwa hilo: chaja nyingi za kamera za leo zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, unabadilisha plagi tu.

Sasa Kariakoo kwenyewe, maana nako ukienda umefumba macho utaumia vilevile.

Kwanza, uliza bei ya bodi peke yake. Lenzi ya 28-70 wanayokufungia ni ya f/3.5 ikiwa pana, na ukivuta mbele inafika f/5.6; namba hiyo ikipanda, mwanga unaoingia unapungua. Mchana ni nzuri. Wewe unalalamikia ukumbi wa usiku, na kwa giza la ukumbi lenzi hiyo itakula sehemu kubwa ya faida ya kamera uliyoinunua kwa jasho. Wakikataa kuuza bodi tu, nenda duka la pili na la tatu. Usishuke na fedha yote siku hiyohiyo. Ulizia kwa simu wiki nzima kabla hujapanda basi, na waambie wakutumie picha ya boksi yenye namba ya kamera.

Pili, risiti. Utapewa bei mbili, moja ya risiti na nyingine ya bila risiti. Chukua ya risiti, ya mashine ya kodi ya EFD, na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Mwombe aandike na namba ya kamera. Bila karatasi hiyo huna waranti ya duka, huna ushahidi kamera ikiibiwa, na siku ukivuka Mtambaswala kwenda kupiga harusi Msumbiji huna cha kumwonyesha mtu wa forodha ukirudi. Uliza swali hili kwa sauti, wenzake wakisikia: "Ikiharibika ndani ya waranti, nani anaitengeneza, na mimi nipo Lindi nitaituma vipi?" Mwenye jibu la haraka na la wazi ndiye wa kumpa hela. Akianza kuzunguka, toka.

Tatu, ijaribu palepale. Nenda na memori kadi yako na, ukiweza, kompyuta ndogo. Linganisha namba ya chini ya kamera na ya kwenye boksi. Washa, hakikisha lugha inabadilika. Piga picha ukutani penye weupe ukiwa kwenye f/16 kisha uikuze. Madoa meusi yanayokaa palepale katika kila picha ni uchafu kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha, na kamera mpya haipaswi kuwa nayo. Jaribu milango yote miwili ya kadi. a7 III ina miwili, na hilo kwa mtu wa harusi ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani: iweke irekodi picha zilezile kwenye kadi zote mbili, ili kadi moja ikifa usiende kumwambia bibi harusi kwamba siku yake haipo. Bandika flashi juu uone inawaka. Rekodi video dakika ishirini bila kuzima huku mkizungumza. Muuzaji akinuna kwa sababu unajaribu, hiyo pia ni habari.

Kuna kitu kimoja hapa kinawasumbua sana wanaopiga video. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera ikiwa imewekwa kwenye mfumo wa video wa NTSC, wa Marekani na Japani, taa za ukumbini zitaonekana zinachezacheza kwenye video. Ibadilishe iwe PAL, rekodi kwa picha 25 au 50 kwa sekunde, na shata iwe 1/50 au 1/100. Fanya hivyo siku ya kwanza, kadi ikiwa tupu, kwa sababu kubadilisha mfumo huo kunaidai kamera ifomati kadi, yaani ifute kila kilichomo.

Memori kadi na betri za ziada ndizo zinazoghushiwa kuliko kamera zenyewe. Kadi mpya ijaze mpaka mwisho nyumbani, kisha fungua mafaili ya mwisho uone kama yanafunguka. Za bandia hujitangaza gigabaiti 128 na kuanza kupoteza picha zikifika sehemu ndogo ya hapo. Betri ya NP-FZ100, ambayo ndiyo ya a7 III, yenye bei ndogo ya kushangaza itakuvimbia ndani ya kamera. Nunua moja ya kweli kuliko tatu za bandia.

Fedha ikikupungukia na ukalazimika kuchukua iliyotumika, iwe ya mtu unayemjua, Mtwara au Dar, na uitumie kwenye kazi moja kabla ya kulipa. Shata ya a7 III Sony wanasema imepimwa kwa mipigo 200,000; kuna tovuti unapakia picha moja kutoka kwenye kamera hiyo nazo zinakusomea imepiga mara ngapi. Lenzi ya mtu wa pwani imulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, unyevu wetu na kabati lililofungwa vimeshamla mwenzio. Usiinunue hata kwa nusu bei. Na yako, mpya au kuukuu, ilaze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakti vya chembechembe za kunyonya unyevu. Kwenye begi la kitambaa chini ya kitanda, hapa Lindi, haitamaliza masika mawili salama.

Turudi kwa mjomba, maana naona hapa ndipo moyo wako ulipo.

Mama yako anajua anachosema. Kwetu kusini mjomba ni nguzo ya nyumba, na aliyejitolea kukuulizia bei madukani baada ya kazi amekuonyesha mapenzi. Kumrudishia "basi, nimepata kwingine" ni kumfungia mlango. Lakini lipo jambo ambalo yeye anaweza kukufanyia vizuri kuliko duka lolote la Kariakoo, nalo ni lenzi. Lenzi haina lugha ya menyu. Haina shata ya kukwama, na ile ninayokufikiria inaharibika mara chache mno isipoangushwa. Ni nyepesi, inakaa kwenye mkoba wa mkononi, na thamani yake iko chini ya zile dola 500. Akiulizwa, aitangaze na risiti aitoe. Tuseme lenzi ni 650,000 na wameamua kuitoza VAT: ni 117,000. Inauma, ila haivunji mtu.

Lenzi yenyewe ni 50mm f/1.8 ya Sony. Haina mbwembwe, na inatoa mlio kidogo ikitafuta fokasi, lakini kwenye giza la ukumbi itakupa mwanga ambao ile 28-70 haina. Sasa hapa sikiliza kwa makini, kwa sababu herufi moja itakupotezea hela. Sony wana lenzi mbili zinazofanana jina. Unayoitaka ni yenye namba SEL50F18F, herufi F ikiwepo kabla ya 18 na tena mwisho kabisa. Isiyo na F ya mwisho, SEL50F18, ni ya kamera zenye sensa ndogo. Itaingia kwenye a7 III yako, lakini kamera itaikata picha na kutumia sehemu tu ya sensa uliyoilipia. Mtumie mjomba namba hiyo kwa maandishi, na mwambie akupigie picha ya ubavu wa boksi kabla hajalipa.

Maneno ya kumwambia, mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mjomba. Nimekaa nikapiga hesabu na mume wangu. Bodi ya kamera nimeona niichukue hapa, ili ikisumbua niirudishe mwenyewe nisikutwishe wewe safari ya forodha na ya mafundi. Ila lenzi ya kuitia uhai naomba itoke mikononi mwako, maana hapa nikiipata siwezi kuiamini. Nakutumia hela leo. Namba yake ni hii."

Mpigie kwanza, usianze na ujumbe; ujumbe ni wa kuhifadhi namba. Mama yako awe anajua kabla ya mjomba, ili mjomba akimuuliza asisikie jambo jipya. Fedha mtumie kamili, mapema, na uandike kwenye daftari tarehe na kiasi. Mali bila daftari huisha bila habari, hata kati ya mjomba na mpwa, na tena zaidi kati yao, kwa sababu nani atamdai mwenzie? Akikataa hela akasema lenzi ni zawadi yake, pokea kwa mikono miwili na usibishane naye.

Ukishapata bodi kabla lenzi haijafika, usikae bure. Kodi lenzi kwa mwenzio wa Mtwara kwa kazi mbili tatu, mlipe kama unavyomlipa mtu baki. Mume wako mwambie hela ya kikoba imebaki nchini kama alivyotaka. Iliyovuka bahari ni ile ya akiba yako.

Wasomaji wengine wenye ndugu nje msichukue jibu hili kama amri kwa kila mtu. Anayekwenda Dubai mwenyewe kila baada ya miezi michache, anayejua kurudi dukani na risiti, hesabu yake ni nyingine. Kule VAT ni 5% na mgeni anaweza kuidai akiondoka. Wenye ndugu London, ule utaratibu wa mgeni kurudishiwa kodi uwanja wa ndege ulifutwa England, Scotland na Wales tangu 1 Januari 2021, kwa hiyo ile 20% yao mnailipa na haitoki. Na anayetaka kamera ya kupigia watoto wake sikukuu, ikikaa kwa fundi miezi miwili hakuna harusi inayosimama. Nimemjibu dada anayelipa kikoba kwa picha.

Canon usiiuze. Bei utakayopewa ni ndogo, nawe bado unaihitaji. Hiyo 50mm mpya haitaweza kukupa ukoo mzima kwenye sebule ya Lindi; utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta na mabinamu wa pembeni bado watakatwa. Lenzi yako ya 18-55 inaona pana zaidi, na mchana 700D inafanya kazi yake vizuri. Ukifika harusini, Sony iwe na 50mm kwa maharusi na ukumbi, Canon ining'inie begani na 18-55 na flashi yake kwa picha za makundi. Sony ikizima ghafla, unayo ya kumalizia kazi. Utakapopata lenzi pana ya Sony, niandikie tena tuzungumze kuhusu kuiuza.